Mstari wa Rukingo

Masisi, tarehe 3 Machi 2024

Noëlla binti yangu,

Jambo nililolificha kwa miaka mitano ni hili: karatasi ya Rukingo haikubadilishwa na mtu yeyote. Wewe hukuibadilisha. Waliosema kwamba uliingia ofisini, ukatoa karatasi ya kweli na kuweka ya uongo, walisema wasichokijua. Mimi niliyejua nilikaa kimya.

Nimeanza na hilo kwa sababu sina hakika kama mkono wangu utafika mwisho wa barua. Daktari anasema moyo wangu umekuwa mkubwa kama wa ng'ombe na una nguvu za kuku. Alidhani nitacheka. Miguu imejaa maji, na usingizi naupata nikiwa nimeketi.

Nitaeleza pia yale unayoyajua, ili ukimsomea mtu mwingine barua hii asipotee. Akina Byamungu na akina Habumugisha walilima kilima cha Rukingo tangu enzi za babu zetu, maharagi juu, muhogo chini, na waligombana tangu enzi hizo hizo. Mwaka 2017, baada ya mapanga kutoka, wazee wa pande zote mbili walikubali kuandika mapatano. Watoto wa nyumba zote mbili walikuwa wamejifunza kusoma kwangu, kwa hiyo walinichagua niandike na niwasomee, ijapokuwa mimi mwenyewe ni Byamungu. Wewe, binti wa Damascène Habumugisha, ulikuwa katibu wa ofisi ya ushirika wa wakulima, na ufunguo wa ofisi ulikuwa kwako.

Kompyuta ya ofisi ilikuwa kuukuu, haikuweza programu nzito za kuandikia. Ilikuwa na skrini nyeusi tu, na amri tuliziandika herufi kwa herufi. Nilikufundisha amri yenye herufi mbili, p na r, ambayo huchukua faili la maneno na kulipanga kurasa kwa kurasa tayari kwa kuchapwa: tarehe juu, nambari ya ukurasa, nafasi chini. Kwa kuwa herufi hizo zikisomwa kwa Kifaransa zinakaribia kuwa Père, yaani Padri, ofisi nzima mliiita Mon Père. "Faili imeisha? Basi mupelekee Mon Père aibariki." Nilijifanya kukasirika.

Wazee walikataa karatasi mbili. Baba yako alisema, "Karatasi mbili njo milango mbili. Mutu atachomoa ya pili aweke yake." Nani hapa kwetu hajaona ukurasa wa pili ukibadilishwa? Kwa hiyo maneno yote yalipaswa kuenea upande mmoja wa karatasi moja, nasi tukamwambia Mon Père apange safu mbili, kama kitabu cha sala.

Hapo ndipo kosa lilipo, na kosa ni langu, kwa sababu sikukufundisha yote. Mon Père akipanga safu moja, mstari mrefu anauacha upite. Akipanga safu mbili, mstari ukizidi herufi thelathini na tano, anaukata. Haulizi, haonyi. Anakata na kuendelea.

Katika faili, chini ya mstari uliotaja kilima, kulikuwa na mstari huu: "kitalimwa na wana wa Byamungu." Asubuhi ya kutia vidole vya wino kwenye karatasi, wazee walibishana tena. Upande wetu ukadai neno "daima" liingie. Baba yako akajibu kwamba kama ni daima, basi desturi haitoshi, na wanawe watajwe hapo hapo. Wakakubaliana. Ulikimbia ofisini, ukaongeza yote katika mstari ule ule, ukachapa:

kitalimwa daima na wana wa Byamungu na wana wa Habumugisha.

Hesabu herufi, pamoja na nafasi kati ya maneno. Neno Byamungu linaishia kwenye ya thelathini na tano. Maneno manne yaliyofuata yalikatwa, na kilichobaki kilionekana sentensi nzima. Lisingekuwa lile "daima" letu, ingebaki "na wa" ikining'inia mwishoni, na hata mtoto angeuliza.

Mwaka 2019 mwanangu Jean-de-Dieu alipeleka karatasi hiyo kwa wakubwa, nanyi mkafukuzwa kilimani. Wiki hiyo ndipo nilipoketi mbele ya kompyuta nikagundua. Sikusema. Nisamehe ukiweza.

Prince, mwendesha pikipiki, atakufikishia.

Mwalimu wako,
Grégoire Byamungu


Pinga, tarehe 24 Machi 2024

Papa Mwalimu,

Barua ilifika ikiwa na matope mpaka ndani. Prince aliniambia alianguka mara nyingi, lakini barua ilikuwa kifuani. Nilimpa chai. Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikafunga mlango.

Hapa nafanya kazi kwa dépôt, ghala ya dawa. Tuko na kompyuta ndogo, na ndani yake Mon Père yupo. Niliandika mstari ule, nikaomba safu mbili. Ulikatwa pale pale uliposema. Nikafuta "daima", nikaona "na wa" inaning'inia. Nikaandika tena, ukakatwa tena. Mwenzangu aliniuliza, "Dada, uko unalilia kompyuta?" Nikamwambia ni vumbi.

Papa Mwalimu, nilifikiri nimerukwa na akili. Miaka yote nilijiuliza: labda nilichapa faili la zamani? Lakini la zamani halikuwa na "daima". Labda mtu aliniibia ufunguo? Nilifikia hata kujiuliza kama ni mimi nilifanya nikasahau. Mtu anaweza kuambiwa jambo mpaka analikumbuka.

Sijui kama ulisikia yaliyotupata. Tulitoka Rukingo na mvua, tukashuka mpaka Ntoto kwa ndugu za Mama. Papa Damascène alilima shamba la kuombwa misimu miwili akafa. Siku za mwisho nilikaa karibu na kitanda, naye alikuwa anasema na ukuta, si na mimi. Mama Emérita hajaniita jina langu tangu tumzike. Ananiita Muuza-kilima. Nikituma nguo, zinarudi zimekunjwa vizuri.

Kwa hiyo barua yako kwangu ni kama maji. Lakini nimekunywa nikakuta jiwe ndani, na lazima nikuulize.

Wote walisikia. Papa alisikia, Mama alisikia, wazee wenu na wetu walisikia: ulisoma kwa sauti "na wana wa Byamungu na wana wa Habumugisha", kisha wakatia vidole. Ndiyo sababu waliniita mwizi. Walisema: kama yalisomwa, yalikuwepo, kama hayapo, kuna aliyebadilisha karatasi, na mwenye ufunguo ni Noëlla. Mimi mwenyewe nilikuwa mlangoni mwa ofisi, nilisikia.

Na siku tuliyofukuzwa, Papa alikuuliza mbele ya watu, "Mwalimu, ulisoma ao hukusoma?" Ukajibu, "Nilisoma yaliyoandikwa." Baada ya jibu hilo hakuna aliyeniuliza tena.

Kama Mon Père alikata, wewe ulisoma nini?

Noëlla Muhawenimana


Masisi, tarehe 14 Aprili 2024

Noëlla binti yangu,

Swali lako ni la haki. Jibu lake ni jepesi kuliko unavyofikiri.

Mapatano yale niliyaandika mimi, neno kwa neno, kwa majuma mengi. Nilikuwa nimeyakariri kama Baba Yetu. Siku ile jua lilikuwa kali juu ya karatasi nyeupe, macho yangu yalikuwa yameanza kudhoofika, na mbele ya umati mtu husoma zaidi kwa kumbukumbu kuliko kwa jicho. Mdomo ulitangulia. Nilitamka yale yaliyokubaliwa asubuhi, nikiamini yapo. Ndiyo maana nilisema nilisoma yaliyoandikwa. Niliamini hivyo.

Mambo ya hapa si mazuri. Usiku tunasikia milio ya bunduki upande wa barabara ya Nyabiondo, asubuhi watu wanauliza ni nani amepita. Maharagi yameoza kwa mvua. Jean-de-Dieu ananiletea uji na hasemi, kwa sababu Prince akilewa husema yote, naye amejua kwamba nimekuandikia.

Msomee Mama Emérita barua yangu ya kwanza. Inatosha kulisafisha jina lako. Mashine ilikata, mwalimu hakuona. Hakuna mwizi. Natamani kufa nikijua kwamba amekuita Noëlla.

Grégoire Byamungu


Pinga, tarehe 12 Mei 2024

Papa Mwalimu,

Nilikwenda Ntoto. Pikipiki ilifika mahali ikashindwa, nikatembea. Mama alikuwa anamenya muhogo. Hakunifukuza. Nikamwambia, "Mama, niko na barua ya Mwalimu Grégoire." Akasema, "Soma, masikio ni ya bure."

Nilimsomea ya kwanza yote, na Mon Père na herufi thelathini na tano. Hakuacha kumenya. Nilimwekea kompyuta mbele, nilikuwa nimeibeba mgongoni kama mtoto, nikamuonyesha mstari ukikatwa. Alitazama sana. Kisha akasema:

"Hii mashine iko na mudomo?"

Nikasema, "Hapana, Mama."

"Basi. Mimi nilisikia mudomo ya mutu. Mutu alisoma jina ya bwana wangu kwa karatasi. Kama jina haikukuwa pale, aliitoa wapi?"

Nikamsomea barua yako ya pili. Nilipofika mahali pa macho na jua kali, alicheka, Papa Mwalimu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Rukingo. Akasema, "Grégoire? Yule mwenye aliona chawa kwa kichwa ya mutoto wa benchi ya mwisho?" Kisha akaacha kucheka, akaniambia nimetunga barua mwenyewe, nimejifunza mwandiko wako, kwa sababu mwizi wa karatasi haachi kazi yake.

Nililala pale siku moja, nikarudi. Aliniita Muuza-kilima mpaka kwenye njia.

Njiani nilifikiri. Siku ile ulikuwa bado huhitaji miwani. Ulinunua miwani Goma baadaye, tulikucheka kwamba umefanana na bundi. Na jua halikuwa kali. Wingu lilikuwa juu ya kilima tangu asubuhi, wazee walikuwa wanasema tufanye haraka mvua isituharibie wino.

Kuna jambo lingine. Wewe ndiye uliyenikosesha nafasi ya kwanza darasani kwa sababu ya nukta moja. Uliandika kwa wino mwekundu: "Sentensi isiyo na nukta ni nyumba isiyo na mlango." Pale kwenye karatasi ya Rukingo, Mon Père alikata na nukta pia. Mwalimu aliyeona nukta yangu hakuona ile?

Sitaki kukuumiza katika ugonjwa. Lakini barua zako mbili zimenisafisha kwangu peke yangu. Kwa Mama zimenichafua zaidi. Mama ni mzee, kifua chake kinapiga filimbi. Akifa hivi, nitazika mtu aliyekufa akinichukia, mara ya pili.

Andika barua ambayo naweza kumsomea bila kuruka mahali. Kama hakuna zaidi, andika kwamba hakuna zaidi, uape, nami sitauliza tena.

Noëlla


Masisi, tarehe 26 Mei 2024

Dada Noëlla,

Nakusalimia. Mimi ni Jean-de-Dieu, mwana wa Mwalimu Grégoire. Barua yako ya mwisho ilipita kwa mikono yangu. Nimemupa kwa sababu alikataa kula mpaka nimupe.

Sasa sikia. Papa iko mugonjwa sana. Kichwa yake inaenda na kurudi. Jana alisoma majina ya wanafunzi wenye walikufa zamani, akangojea waitike, akaandika absents, hawapo, kwa blanketi na kidole. Kitu chochote atakuandikia, homa njo inaandika.

Mimi nilipeleka karatasi kwa wakubwa, sikatai. Nilipeleka kama nilivyoikuta kwa sanduku yake. Kwa hiyo karatasi iko kidole ya baba yako, wino wa bleu, na kidole haiongopake. Kama uko na kesi na mashine, fungulia mashine kesi.

Kilima hakikutupatia utajiri. Wenye bunduki wanakata miti, sisi tunalima pembeni na kuzika watu wetu. Unafikiri tumekaa kwa kiti ya dhahabu? Muache muzee akufe na heshima yake. Watu wa hapa wanamuita Mwalimu mpaka leo, hata watoto wenye hakuwafundisha. Utapata nini ukimunyang'anya hiyo heshima?

Usitume tena barua. Prince nimemwambia.

Jean-de-Dieu Byamungu


Masisi, tarehe 9 Juni 2024

Mama Emérita, na wewe Noëlla unayemsomea,

Jean-de-Dieu amechukua kalamu zangu. Naandika kwa penseli, mistari michache, kisha napumzika. Barua hii haipiti kwa Prince. Nimempa mama mmoja anayepeleka mafuta ya mawese mpaka Pinga. Hajui kusoma na hakuniuliza kitu.

Mama Emérita, hii ni barua yangu kweli. Ili ujue kwamba Noëlla hakuitunga: siku ya ubatizo wake ulinikatalia kiti, ukasema Byamungu atakaa chini kama wengine, na mumeo akakaa chini pamoja nami mpaka sherehe ikaisha. Noëlla hawezi kulijua hilo, alikuwa mgongoni mwako.

Umesema vizuri kwamba mashine haina mdomo. Noëlla naye amesema vizuri. Sikuwa nimekariri. Wingu lilikuwepo, na macho yangu yalikuwa mazima. Niliandika uongo mnamo Aprili kwa sababu nilitaka nisamehewe kwa bei ya chini. Nilitaka Noëlla apone, nami nibaki Mwalimu.

Kwanza, tarehe. Niliandika kwamba nilificha miaka mitano. Ni saba. Sikungojea mwaka 2019 ili nijue. Nilichokifanya mwaka 2019 ni kutafuta sababu tu. Nilijifungia na kompyuta nikaona jinsi Mon Père anavyokata, nikafurahi kupata wa kumlaumu.

Siku ya vidole mnaikumbuka. Wazee kwenye mabenchi, pombe ya kasiksi ndani ya mitungi, Damascène amevaa koti lake la kahawia. Noëlla aliniletea karatasi, wino ukiwa bado na harufu, akarudi mlangoni mwa ofisi. Nilisoma safu ya kwanza. Mpaka, njia ya ng'ombe, makaburi. Hakukuwa na kosa hata moja. Nikaingia safu ya pili. Nikafika kwa Byamungu, na sikukuta nukta.

Jicho la mwalimu husimama lenyewe mahali kama hapo. Nikaangalia mstari uliofuata, ulikuwa unaanza habari ya maji ya kijito. Nikarudi juu. Nilitafuta jina la Habumugisha kama mtu anavyotafuta mtoto sokoni. Halikuwepo.

Nilinyamaza. Mzee mmoja wa upande wetu akasema, "Mwalimu koo imekauka, mumupatie kasiksi." Watu wakacheka. Damascène hakucheka. Alisema, "Soma tu, Mwalimu. Hapo njo tunangojea."

Baadaye nilijiambia mambo mengi: kwamba mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha, kwamba mvua ilikuwa inakuja, kwamba wazee walikuwa wametoka mbali na wangegombana upya kama ningesimamisha. Hakuna la kweli. Mafuta yalikuwepo. Karatasi zilikuwepo. Noëlla alikuwa umbali wa kuitwa kwa sauti ya kawaida. Angechapa nyingine kabla kasiksi haijagawiwa, na tungecheka.

Nitaandika nilivyowaza, bila kupamba. Niliwaza: wao watabaki na sauti, sisi tutabaki na karatasi. Niliwaza kwamba wazee watakufa na masikio yao. Yote hayo niliyawaza katika muda ule mfupi ambao watu walikuwa wanacheka habari ya koo langu. Sikuwa na homa.

Kisha nikaiweka karatasi ndani ya sanduku langu, na kwa miaka miwili sikuitaja. Sikumwambia Jean-de-Dieu aipeleke. Wala sikuificha asiione. Alipoipeleka, nilisema moyoni kwamba ni yeye. Walipomwita Noëlla mwizi, nilisema moyoni kwamba ni Mon Père. Damascène aliponiuliza mbele ya watu kama nilisoma au sikusoma, aliniangalia kama mtu anayekupa mkono ili uvuke. Nami nikajibu, "Nilisoma yaliyoandikwa." Kwa jibu hilo nilichukua kilima kwake na binti yake pamoja.

Mfanye mnachotaka na barua hii. Mkiipeleka kwa wakubwa, jina langu liko chini, na Jean-de-Dieu atasema ni homa. Msimwamini. Sijawahi kuwa na akili safi kama leo.

Sikusoma yaliyoandikwa. Siku ile, mbele ya Damascène na wazee wote, nilitamka "na wana wa Habumugisha" nikiwa natazama mahali ambapo hapakuwa na neno lolote, na nilikuwa naona kwamba halipo.

Grégoire Byamungu